Kengele Ndefu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimerudi shuleni baada ya wiki nzima ya homa, na nimekuta kengele yangu inalia kwa jina la mtu mwingine.

Naandika polepole, kwa sababu siku nikisoma tena nataka niwe na hakika kwamba sikutia chumvi. Kengele ya umeme ya shule ilikufa mwaka jana maji ya mvua yalipoingia kwenye nyaya. Tangu hapo mlinzi alikuwa anagonga rimu ya gari kwa nondo, na akisinzia, hesabu zinakula kipindi cha historia. Likizo iliyopita niliandika programu kwa ajili ya kompyuta ya karani wa shule: dirisha dogo lenye ratiba ya siku, na muda ukifika vipaza sauti vya uwanjani vinatoa mlio wa kengele. Nilijifunza kazi hiyo kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi nasi na kuandika programu za Windows kwa maduka ya dawa.

Nilipoanza kuumwa nilimpa Waziri flashi. Waziri ni mwenyekiti wa klabu ya kompyuta na tumekaa dawati moja tangu tulipoingia shule hii. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata akiomba kalamu anaomba kama anazindua daraja. Flashi ilikuwa na kila kitu, programu na msimbo wote, yaani mistari niliyoiandika, na nilimwomba tu aiweke kwenye kompyuta ya karani.

Ameiweka. Nimesimuliwa kwamba mkuu wa shule alimshukuru mbele ya wanafunzi wote wiki iliyopita, na Waziri akainamisha kichwa kama bibi harusi. Halafu mkuu akatangaza kwamba chuo cha ufundi kimetupa nafasi moja ya mafunzo ya programu wakati wa likizo, na kwamba atakwenda mtu aliyetengeneza kengele, ikimaliza muhula na mitihani bila kututia aibu.

Nafasi moja. Nimeiota nafasi kama hiyo tangu nilipojifunza kuandika mstari wangu wa kwanza.

Nilimuuliza Waziri wakati wa mapumziko. Akasema alitaka kunitaja ila hofu ilimbana, na kwamba atarekebisha, nisiwe na wasiwasi, mimi ni dada yake. Alikuwa anakula karanga wakati anasema.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hajarekebisha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu wa kompyuta. Amenisikiliza vizuri, kisha akasema kazi ni ya klabu nzima na wasichana wenye akili hawagombanii sifa. Nikamuuliza kama klabu nzima ndiyo itakayokwenda chuoni. Akaangalia saa yake.

Nikipita ofisini nilimwamkia karani. Karani ni mama wa makamo, mnene, na ana utaratibu wake: kila mchana akienda kula anazima kompyuta, anachomoa waya ukutani, kisha anaifunika kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe kwa sindano. Hataki vumbi na haamini umeme. Wakati naandika programu nilimfuata kumuuliza anaifunika saa ngapi na anaifunua saa ngapi, ili programu ijiwashe yenyewe kompyuta ikiwaka na ijue ni kengele zipi zimepita. Leo ameniitikia marahaba, akanivuta kando na kuniambia taratibu kwamba yeye anajua kengele ni ya nani. Huyo mwingine, alisema, hakuwahi kumuuliza habari ya kitambaa.

Nilitaka kulia, lakini mlango ulikuwa wazi.

Jumanne, 12 Machi

Kuna dirisha dogo ndani ya programu linalosema imeandikwa na nani. Niliacha jina langu pale. Leo nimelifungua karani akiwa nje, na nimekuta jina la Waziri, kwa herufi nene, za bluu. Muhula uliopita aliniuliza namna ya kubadilisha maandishi na rangi yake kwenye dirisha. Nilimfundisha mimi, jioni nzima, na alipopatia tulipigana viganja.

Kuanzia leo sitamwambia mtu tena. Nitasubiri. Programu ile ina kasoro ambazo sikuwa nimemaliza kuzitengeneza, na kasoro hazijui kuinamisha kichwa mbele ya wanafunzi wote.

Jumapili, 17 Machi

Mama mdogo ameniuliza mbona sura imenijaa mawingu. Nikamsimulia. Alisonya, akamtukana Waziri tusi moja ambalo mama alilikataza papo hapo, akasema angekuwa yeye angekwenda shuleni na kandambili mkononi. Kisha simu ikalia: mteja wa duka la dawa, programu imegoma kufungua, anasema hajagusa kitu. Mama mdogo akamuuliza mara nne kama kweli hajagusa kitu. Mara ya nne mteja akakumbuka kwamba ameihamisha folda.

Alipokata simu aliniambia wateja wote hawajagusa kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mtihani mdogo wa kemia, nimepata vizuri.

Ijumaa, 22 Machi

Kasoro ya kwanza imeuma.

Karani ameona dirisha la kengele limekaa mbele ya barua yake, akabofya alama ya kufunga pembeni. Dirisha likaondoka, na kengele ikaondoka nalo. Hakuna mlio wa saa nne, hakuna wa saa tano. Mwalimu wa jiografia ametufundisha milima mpaka akaishiwa milima. Mlinzi amerudishwa kwenye rimu yake, na aligonga kwa furaha ya mtu aliyeombwa radhi.

Waziri alinijia anahema. Akaniuliza kwa nini imekufa. Nikamwambia sijui, programu ni yake. Nilisema kwa adabu kabisa, na nikajifunika kwa daftari nisionekane ninavyocheka.

Nyumbani nilikuwa nimeshaitengeneza hiyo. Ukibofya kufunga, dirisha langu linajificha chini karibu na saa ya kompyuta na kuendelea kufanya kazi. Toleo hilo lipo kwenye kompyuta yangu ya mkononi na litabaki hapo.

Jumatatu, 25 Machi

Waziri amebandika karatasi juu ya kompyuta ya karani: USIFUNGE DIRISHA HILI. Hiyo ndiyo programu yake.

Jumatano, 27 Machi

Kasoro ya pili. Waziri hakuliona dirisha nyuma ya barua za karani, akadhani programu imezimika, akaifungua tena. Zikawa mbili, na kila kengele ililia mara mbili, moja ikifuata nyingine kama mwangwi. Kidato cha kwanza walitoka darasani, wakarudi, wakatoka tena. Karatasi ya pili imebandikwa chini ya ya kwanza: USIFUNGUE MARA MBILI.

Nimeanza kuzipenda siku za mvua. Ukikaa karibu na dirisha la darasa letu unaona mlango wa ofisi, na Waziri akivuka uwanja mbio, mfuko wa plastiki kichwani.

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuna jipya. Mama ameuliza kwa nini sicheki tena na jirani yangu wa dawati. Nimemjibu tuna mengi ya kusoma.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimejifunza jambo, na naliandika lote.

Kengele ina milio miwili. Ya kipindi ni pigo moja tu, ting, basi. Kengele ndefu ni ya kuanza na kumaliza mitihani: mapigo kumi, yenye pumziko la sekunde baada ya kila moja. Hiyo ndefu haijawahi kulia shuleni. Nilipoijaribu nyumbani, dirisha lilipauka na juu yake yakatokea maneno kwamba programu haijibu. Kengele ilikuwa inalia vizuri, lakini dirisha limekufa mpaka imalize.

Mama mdogo hanionyeshi kosa hata siku moja. Anakaa pembeni, mikono mapajani, anasema soma tena kuanzia juu. Inachosha kama adhabu. Nilisoma kuanzia juu mara nyingi, mpaka nikaona: programu yangu ina mfanyakazi mmoja. Huyo huyo anapiga kengele, huyo huyo anafungua mlango ukibisha. Akiwa kwenye kengele, mlango haufunguliwi.

Nilitafuta dawa ya haraka na nikaipata: amri moja fupi inayomwambia mfanyakazi, kati ya pigo na pigo, aache kidogo akaangalie mlangoni. Mama mdogo anaiita pumzi. Niliiweka, na dirisha likafufuka. Nilishangilia. Kisha kengele ikakataa kunyamaza. Ililia, ikalia, mama akatoka jikoni na mwiko, mbwa wa jirani akaanza kulia nayo, na mwishowe nilichomoa betri.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Alisema pumzi imewaua wengi aliowafahamu. Kisha akasema soma tena kuanzia juu, na nikasoma mpaka nikaelewa. Ndani ya programu kuna saa inayogonga kila sekunde na kuuliza: muda wa kengele umefika, na je, bado haijalia? Mimi naandika kwamba imelia baada ya kumaliza kupiga, kwa sababu nani huandika ameshakula kabla hajala? Zamani haikuwa na madhara, mfanyakazi alikuwa kafunga mlango. Ukimpa pumzi, anakwenda mlangoni, anaikuta saa inauliza, anajibu bado haijalia, na anaanza kupiga upya ndani ya ile ya kwanza. Sekunde inayofuata hivyo hivyo. Dakika ikiisha zimerundikana kengele chungu nzima, na kila moja inadai mapigo yake kumi.

Tiba ni kuupandisha mstari mmoja: imelia iandikwe kabla ya kupiga. Kisha kazi ya kupiga apewe mfanyakazi wa pili. Nimefanya vyote viwili.

Alhamisi, 25 Aprili

Mkuu ameamuru kengele ndefu ijaribiwe kabla ya mitihani. Imelia mapigo kumi, safi, nikasikia fahari mpaka vidoleni. Lakini ofisini dirisha lilipauka mbele ya macho ya mkuu. Karani alishtuka, akabofya kila kitu. Mkuu akamuuliza Waziri kama mashine imekufa. Waziri akajibu haijafa, ni hali ya hewa. Mkuu akasema hataki kuliona dirisha jeupe siku ya mtihani, kwa sababu watu wa chuo wanaweza kuja kuangalia.

Haya nimesimuliwa na karani, ambaye aliigiza sauti zote mbili.

Jumatatu, 29 Aprili

Waziri amekuja kwenye dawati na maandazi ya kununua. Aliniita dada, akaniita mpenzi, akaniita mwalimu wake. Alisema anajua nimekasirika, na kwamba akipata nafasi ya chuo atanifundisha yote atakayofundishwa huko.

Nilirudia maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani. Atanifundisha.

Jumanne, 30 Aprili

Nimempa pumzi.

Nilimwandikia ile amri fupi kwenye kipande cha karatasi na kumwonyesha mahali pa kuiweka, kati ya pigo na pigo. Nilimwambia aijaribu, dirisha halitapauka tena. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuuliza inafanya nini. Kama angeuliza, sijui ningejibu nini, lakini hakuuliza, na hilo pia nimeliandika kwenye hesabu yake.

Kengele ya kipindi ni pigo moja, inaisha kabla saa ya programu haijauliza tena. Haitaonyesha dalili. Ni kengele ndefu tu itakayosema, na kengele ndefu italia asubuhi ya mtihani.

Alhamisi, 2 Mei

Ameiweka. Ting, ting, siku nzima, kama kondoo mpole.

Jumamosi, 4 Mei

Mama mdogo alitaka kuona toleo langu jipya. Alisoma msimbo kimya, akasema ni kazi ya mtu mzima. Kisha akauliza ile ya shule inaendeleaje. Nikasema vizuri. Nilimimina chai nyingine nikaimwaga nusu mezani.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Tumepanga madawati ya mtihani kwenye ukumbi. Waziri alipita katikati ya safu akiwaambia kidato cha kwanza wasiogope kengele ndefu wakiisikia, ni yake. Nilifikiri: Jumatatu, na nikalikunja tabasamu langu kama nguo safi ya kuvaa siku hiyo.

Jumatatu, 13 Mei

Imekuwa.

Karatasi za hesabu zimegawiwa, zimelala kifudifudi. Msimamizi amesimama mbele na maelekezo mkononi. Kengele ndefu ikaanza. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na pigo la kumi na moja lilipolia nilitazama mbele, kwenye mgongo wa Waziri.

Haikunyamaza. Msimamizi alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu kupaza sauti juu ya kengele na mvua, tukaona mishipa ya shingo tu. Watu waliziba masikio. Msichana wa safu ya tatu, yule anayeshikwa na pumu, alianza kuhema, akatolewa nje. Wavulana wa nyuma walicheka, kisha wakaacha kucheka. Wengine walikuwa wamegeuza karatasi na kuanza, wengine hawajaruhusiwa, na kwa makelele yale hakuna aliyejua nani ameambiwa nini. Waziri aliinuka akakimbia mvuani bila mfuko wake kichwani.

Nilikuwa na furaha. Nimekula kiapo cha kutodanganya katika kurasa hizi: nilikuwa na furaha mpaka tumboni.

Ikakatika ghafla. Karani alikuwa amechomoa waya ukutani.

Mtihani umefutwa. Utarudiwa Ijumaa, karatasi mpya.

Jumanne, 14 Mei

Waziri amesema karani alibofya kitu. Amesema yeye mwenyewe aliiacha programu ikiwa nzima, mashahidi ni kengele zote za wiki mbili, na kwamba karani ana tabia ya kubofya ovyo na kuchomoa waya, kila mtu anajua. Karatasi mbili zilizobandikwa juu ya kompyuta zikawa ushahidi: kwa nini ziandikwe kama karani si mharibifu?

Wamemwamini. Karani amehamishiwa stoo ya vitabu na ataandikiwa onyo mwisho wa wiki. Nimempita kwenye korido amebeba kitambaa chake cheupe kimekunjwa. Nikamwamkia. Alisimama, akaniambia neno ambalo sitalisahau.

"Mwanangu, mimi sikugusa kitu."

Alisema kama wateja wa mama mdogo wanavyosema. Isipokuwa yeye ni kweli.

Jumanne, jioni

Nimemsimulia mama mdogo kila kitu, na kipande cha karatasi pia. Mwanzoni alicheka, hasa kwenye mapigo yasiyokwisha. Kisha akaacha.

"Na karani amesema nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliinuka akaenda kuanua nguo zake kwenye kamba ya barazani, zilikuwa bado mbichi.

Waziri ndiye niliyemtegea. Nilimpima yeye kila siku, nikasahau kwamba kompyuta si yake, ni ya mtu anayeifunika.

Jumatano, 15 Mei

Nilibisha mlango wa mkuu wakati wa mapumziko. Ndani walikuwemo mkuu, mwalimu wa kompyuta, Waziri, na karani amesimama karibu na kabati kama mgeni kwenye ofisi aliyoifagia miaka yote. Nikasema nimekuja kuhusu kengele, na kwamba karani hana kosa.

Mwalimu wa kompyuta alitaka kunitoa. Mkuu akamzuia kwa kidole. Akaniuliza najuaje.

Nikasema kwa sababu niliiandika mimi. Waziri akacheka kidogo, kicheko cha kumhurumia mgonjwa. Nikamwomba mkuu afungue msimbo kwenye kompyuta, nikauonyesha mstari wa pumzi, nikaomba mwenye programu aeleze kazi ya mstari ule.

Mkuu akamgeukia Waziri. Waziri aliuangalia ule mstari. Akaangalia mstari wa juu yake, na wa chini yake. Mvua ilisikika kwenye bati, tone kwa tone. Ukimya ule niliungoja tangu Machi, na ulikuwa mtamu, sitaandika uongo hapa. Ulikuwa mtamu sana.

Kisha nikaeleza mimi: mfanyakazi mmoja, mlango, saa inayouliza kila sekunde, kengele ndani ya kengele. Karani akaongeza kutoka kabatini kwamba mimi ndiye niliyekuja kumuuliza habari ya kitambaa. Mkuu alitingisha kichwa. Nikaona nimeshinda, na nilitaka kuondoka na ushindi wangu kabla haujapoa.

Waziri akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba mstari ule nilimpa mimi.

Mkuu aliweka kalamu chini.

"Ulipompa, ulijua utafanya nini?"

Ningeweza kusema sikujua. Mimi ni mwanafunzi, mstari ule unawapoteza hata watu wazima. Hakuna mtu ndani ya chumba kile ambaye angeweza kunipinga. Karani alikuwa ananitazama, kitambaa kifuani, kwa uso wa mtu anayekutetea.

"Nilijua, mwalimu. Niliujaribu nyumbani kwanza."

Uso ule wa karani ulifungwa. Nimeuona ukifungwa.

Mkuu aliichukua tena kalamu. Kisha akasema onyo la karani limefutwa na atarudi mezani kwake leo hii. Jina langu lirudi kwenye programu. Waziri si mwenyekiti tena. Nafasi ya chuo itarudishwa, kwa sababu shule haitamtuma aliyeiba wala aliyetega, na mwakani wataomba tena kama watapewa. Na kabla ya mtihani wa Ijumaa, kengele itengenezwe na sisi wawili, mbele ya karani.

Nilitoka. Nilimwamkia karani mlangoni, shikamoo. Akapita.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua imepungua, manyunyu tu.

Sijamsamehe Waziri. Naandika ili ijulikane. Nafasi yangu imekwenda, na yake haikuwa yake hata kidogo, kwa hiyo hatujapoteza sawa.

Mchana tulikutana ofisini. Karani alifunua kompyuta, akakunja kitambaa mara nne, akachomeka waya, akakaa nyuma yetu na sindano zake za kufumia. Niliamkia. Baada ya kitambo, macho yakiwa kwenye uzi, akasema marahaba.

Nilikuwa na toleo langu jipya kwenye flashi. Kuliweka kungechukua muda mfupi kuliko kuelekeza mtu njia ya sokoni. Niliishika flashi mfukoni, nikaiacha huko huko. Nikamwambia Waziri akae kwenye kiti, mimi nikavuta kigoda.

Akauliza mstari uliokosewa ni upi. Nikasema uko mbele ya macho yake. Akauliza kama ni ule wa pumzi. Nikasema huo ukiutoa dirisha litapauka tena, sasa je? Alisonya. Alisoma kwa midomo, kidole kwenye kioo, na kioo kikajaa alama za vidole mpaka karani akakohoa. Akapendekeza tuongeze karatasi ya tatu: USIFANYE MITIHANI. Nilikaribia kucheka na nikajizuia, kwa sababu bado namchukia.

Saa ya ukutani ilikuwa inasogea. Ninaujua ule mstari wa imelia ulipo kama ninavyolijua jino langu lililooza. Ningeunyoosha mkono tu. Kila alipoukaribia kidole chake kilipita juu yake na kuendelea chini, na kila kilipopita nilihisi kitu chembamba na kikali kifuani, ambacho ni kisasi changu chote kilichobaki. Sikutaka kumpa. Autafute.

Mara ya sijui ngapi aligeuka, macho mekundu.

"Si uniambie tu, jamani? Unanitesa."

Niligundua mikono yangu imekaa mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama anavyokaa mama mdogo.

"Soma tena," nikamwambia, "kuanzia juu."